Mama amelazwa akiwa na maradhi kadhaa: wodi ya wazee ina tofauti gani na wodi ya kawaida?

Binti wa Pili

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo ya wale waliowahi kuuguza mzazi wa umri mkubwa, na hasa ya wauguzi na madaktari waliomo humu.

Mama yangu ana umri wa miaka 83. Ameishi na shinikizo la damu na kisukari kwa zaidi ya miaka 20, magoti yanamsumbua, miguu inavimba, na tangu mwaka jana tumeona anasahau mambo madogo madogo. Hata hivyo alikuwa akijipikia na kuoga mwenyewe. Wiki iliyopita alilazwa kwa nimonia. Siku mbili za kwanza homa ilishuka na tukadhani tutarudi nyumbani karibuni, lakini usiku wa tatu alianza kuvuta mpira wa dripu, akamwita dada yake aliyefariki zamani, na akashikilia kwamba kuna watu wamekaa nyuma ya pazia. Kulipokucha alilala mchana kutwa. Tukimwamsha ale, anafumbua macho na kuyafumba tena. Muuguzi mmoja alituambia kwamba huo ni uzee tu. Usiku uliofuata alipewa dawa ya usingizi, akawekewa mpira wa mkojo kwa sababu alikuwa akitaka kwenda chooni mara kwa mara, na vyuma vya kitanda vikapandishwa pande zote mbili.

Jana daktari amependekeza ahamishiwe kitengo cha tiba ya wazee. Kaka yetu mkubwa hataki kabisa kulisikia jambo hilo. Anasema wodi ya wazee ni mahali pa kuwaweka watu waliokwisha kukatiwa tamaa, na kwamba mama anahitaji bingwa wa mapafu, bingwa wa kisukari na bingwa wa moyo, kila mmoja kwa nafasi yake. Mimi nimebaki katikati. Je, huko wanafanya nini ambacho hakifanywi hapa alipo? Na je, ni kweli kwamba kumpeleka huko ni kukubali kwamba matibabu yamefika mwisho?

Muuguzi wa Usiku

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka 26, na tisa ya mwisho ni katika wodi ya wazee. Kabla ya swali la kuhama, niseme kuhusu lile lililonishtua katika maelezo yako. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri Jumatatu, na Alhamisi akawaona watu nyuma ya pazia, hakuzeeka kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Hali hiyo huitwa deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, nayo hutokea ubongo unapozidiwa na jambo linaloendelea mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, oksijeni au sukari iliyoshuka, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, maumivu ambayo hayajatulizwa, au dawa. Kusahau kunakokuja taratibu kwa miezi na miaka ni jambo jingine, ingawa aliyekwisha kuanza kusahau huingia katika deliriamu kwa urahisi zaidi. Na huko kulala mchana kutwa, ambako ndugu wengi hukufurahia wakisema kwamba mgonjwa hatimaye amepumzika, ni sura ya pili ya hali hiyohiyo, tena ndiyo inayopitwa zaidi, kwa kuwa mgonjwa aliyetulia hamsumbui mtu yeyote.

Katika wodi yetu mgonjwa hupimwa jambo hili kwa dakika chache. Tunamwuliza umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka tulio nao, kisha tunamwomba ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Nilikuwa na bibi mmoja aliyekwama Oktoba siku nne mfululizo. Anafika Oktoba, anatutazama, anaanza kutuhadithia mavuno. Siku aliyofika Juni bila kukwama tulijua kwamba anarudi.

Sasa, tofauti ya wodi hutaiona kwenye mashine. Utaiona saa mbili asubuhi, pale mgonjwa anapovalishwa miwani yake, anapowekewa kifaa chake cha kusaidia kusikia na meno yake, kisha anaketishwa kwenye kiti ili anywe chai akiwa amekaa. Utaiona ukutani, penye saa kubwa na kalenda inayosomeka ukiwa kitandani. Utaiona usiku, kwa sababu taa hupunguzwa na vipimo vinavyoweza kungoja asubuhi huachwa vingoje. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka mtu ayapime. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, walichapisha utafiti uliohusu wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi: katika kundi lililohudumiwa kwa utaratibu wa namna hii, asilimia 9.9 walipata deliriamu, na katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 15. Aliyekwisha kuipata haponi kwa miwani peke yake, lakini hayo ndiyo yanayomsaidia chanzo kinapotibiwa.

Mpira wa mkojo, kama haukuwekwa kwa sababu mkojo umezuilika, uombeeni uondolewe. Unaleta maambukizi na unamfunga mtu kitandani. Vyuma vya kitanda navyo huwafariji ndugu kuliko vinavyomlinda mgonjwa aliyechanganyikiwa. Anayetaka kutoka atavipanda, na akianguka ataanguka kutoka juu zaidi. Kuhusu dawa ya usingizi nisingependa kumhukumu mwenzangu ambaye huenda usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa 30, lakini mara nyingi dawa hizo huuongeza mkanganyiko badala ya kuutuliza.

Daktari wa Wazee

Nakubaliana na Mama Muuguzi, kwa hiyo nitajibu hoja ya kaka, ambayo si ya kupuuzwa, kwa sababu kuna wakati ilikuwa kweli. Mwaka 1935, nchini Uingereza, daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex alikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa makazi ya maskini, lenye wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee waliolala kitandani miaka na miaka bila mtu kuuliza kwa nini wamelala. Akamchunguza mmoja mmoja. Aligundua kwamba wengi walikuwa na maradhi yanayotibika ambayo hayakuwahi kutajwa katika faili. Akawatibu, akawanyanyua, akawafundisha kutembea upya, akapaka kuta rangi ya kupendeza, na sehemu kubwa ya watu ambao wangefia pale wakaruhusiwa kwenda. Kwa hiyo tiba hii ilizaliwa kwa kukataa jambo lilelile analoliogopa kaka yako.

Kazi yetu kuu huitwa tathmini kamili ya mzee. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), mtaalamu anayeangalia jinsi mgonjwa anavyovaa, anavyooga na anavyojilisha, mfamasia, mtaalamu wa lishe na afisa ustawi wa jamii, kila mmoja humwangalia mgonjwa kwa jicho lake, kisha hukaa meza moja na kuandika mpango mmoja. Sisitizo ni hapo kwenye mpango mmoja. Bingwa wa moyo atataka presha ishuke zaidi, bingwa wa kisukari atataka sukari ishuke zaidi, na wote wawili watakuwa sahihi kwa mujibu wa vitabu vyao. Lakini mama wa miaka 83 akisimama usiku huku presha na sukari vyote vimeshuka, ataanguka, na nyonga ikivunjika hakuna bingwa kati yao atakayesema kwamba ilitokana na yeye. Mabingwa hao tunawaita na tunawahitaji. Tunachokataa ni kila mmoja kuandika dawa zake bila kuzitazama za mwenzake.

Kuhusu ushahidi, nataka niwe mwangalifu. Mwaka 1984 Laurence Rubenstein na wenzake, huko California, walichapisha utafiti mdogo wa wazee 123: baada ya mwaka mmoja, waliofariki katika kundi la kitengo cha wazee walikuwa asilimia 23.8, na katika kundi jingine asilimia 48.3. Matokeo hayo yalisisimua wengi. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 29 yenye washiriki 13,766, hayakuona tofauti hiyo kubwa katika vifo. Yalichoona ni kwamba waliopata tathmini kamili walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi majumbani mwao miezi 3 hadi 12 baadaye, na wachache zaidi waliishia katika makao ya kulelea wazee. Mimi sifanyi biashara ya kurefusha maisha kwa miujiza. Ninachoweza kukuahidi kwa dhamiri safi ni kwamba tunajitahidi mtu aondoke akiwa na uwezo aliokuja nao.

Hilo la uwezo lina haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ambamo wazee wenye afya njema, wasio na ugonjwa wowote, waliombwa walale kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mama yako ana nimonia, hali chakula vizuri, na ni mgonjwa wa magoti. Kama kuna jambo moja la kumwomba daktari leo kabla hata ya kuhama, ni ruhusa ya kumketisha kwenye kiti kila mlo na kumsimamisha kwa msaada mara kadhaa kwa siku, mradi oksijeni yake inaruhusu.

Kitinda Mimba

Naomba niongeze la kwetu, maana baba alipita njia zote mbili. Alipovunjika nyonga mara ya kwanza alikuwa na miaka 79. Katika hospitali tuliyompeleka aliambiwa asile kwa ajili ya upasuaji; jioni upasuaji ukaahirishwa; kesho yake tena asile; na hivyo hivyo kwa siku nne, kwa sababu daktari wa mifupa alikuwa akisubiri ruhusa ya daktari wa moyo, naye wa moyo alikuwa akisubiri kipimo ambacho hakuna aliyekumbuka kukiandika. Alipofika chumba cha upasuaji alikuwa amekauka midomo na hanitambui. Alipona mfupa, akarudi nyumbani na kidonda cha mgandamizo kisigino kilichochukua miezi mitano.

Miaka miwili baadaye alivunjika upande wa pili. Safari hiyo tulikuwa mahali ambapo daktari wa wazee na daktari wa mifupa wanahudumia wodi moja kwa pamoja. Alipasuliwa siku iliyofuata. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kiti, amekasirika kwa sababu kijana wa fiziotherapia alikuwa amemsimamisha kwa nguvu. Sijawahi kufurahia hasira ya baba kiasi kile.

Jambo moja zaidi, na Binti wa Pili atanielewa: kule kwa kwanza kila daktari alizungumza nami juu ya kichwa cha baba, kana kwamba hayupo. Kule kwa pili daktari alivuta kiti, akakaa usawa wa macho yake, akamwamkia, akamwuliza yeye.

Mfamasia wa Wodi

Binti wa Pili, umeeleza kila kitu isipokuwa dawa. Mama anatumia dawa ngapi, na miguu ilianza kuvimba lini?

Binti wa Pili

Shikamoo nyote, na asanteni sana. Nimehesabu leo: ni aina 11, zimo katika mfuko mmoja wa plastiki, nyingine zimetolewa na daktari huyu, nyingine na yule, na nyingine alishauriwa na jirani. Miguu ilianza kuvimba yapata miaka miwili iliyopita, kama mwezi mmoja baada ya kubadilishiwa dawa ya presha na kupewa amlodipini. Alipovimba akapewa dawa ya kukojosha. Kisha akawa anaamka usiku mara tano na wakati mwingine mkojo unamtoka kabla hajafika chooni, akapewa dawa nyingine ya kuzuia mkojo.

Mfamasia wa Wodi

Ulivyosimulia kwa mfuatano huo, umekwisha kuona mwenyewe. Amlodipini ni dawa nzuri, lakini kuvimba miguu ni miongoni mwa athari zake zinazojulikana sana, na uvimbe wa namna hiyo hausikii sana dawa ya kukojosha, kwa sababu hautokani na maji kuzidi mwilini. Kwa hiyo dawa ya pili ilitolewa kutibu athari ya dawa ya kwanza, na ya tatu ikatolewa kutibu athari ya dawa ya pili. Dawa nyingi za kuzuia mkojo, kama oksibutinini, hupunguza kazi ya kemikali ambayo ubongo huitumia katika kumbukumbu. Kwa mzee zinaweza kuleta ukavu wa mdomo, kufunga choo, na kuchanganyikiwa. Inayofuata katika mlolongo huo kwa kawaida ni dawa ya kusahau. Nimeyaona mafaili ambamo mlolongo ulifika hapo.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mama, kwa sababu sijamwona wala sijaliona faili lake, na ninakuomba usimwachishe dawa yoyote kwa kusoma maneno yangu. Ziko ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea nazo. Ninachosema ni kwamba mfuko huo uende hospitalini kama ulivyo, pamoja na zile za jirani, na dawa za mafua, na dawa za mitishamba kama zipo. Orodha aliyoandika mtu kwa kukumbuka hukosa mambo. Zipo orodha za kimataifa za dawa zinazostahili tahadhari kwa wazee. Maarufu zaidi ni vigezo vya Beers, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na kuhuishwa mara kwa mara tangu wakati huo. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zimo, dawa nyingi za zamani za mzio na mafua zinazosinzisha zimo, na glibenklamaidi ya kisukari imo pia kwa sababu inaweza kushusha sukari kwa muda mrefu. Waulizeni pia vipimo vya figo. Mzee mwembamba anaweza kuwa na kreatinini (taka ya mwili inayopimwa kwenye damu ili kujua kazi ya figo) inayoonekana ya kawaida kumbe figo zimepungua nguvu, kwa kuwa misuli yake ni kidogo na kreatinini hutokana na misuli. Kipimo cha dawa hupangwa kwa kuzingatia hilo.

Mpita Njia

Yote haya ni mazuri, lakini hospitali nyingi hazina kitengo hicho wala daktari wa aina hiyo. Aliyelazwa mahali pasipo na huduma hii afanyeje? Na je, hamwoni kwamba wodi inaweza kubandikwa jina la wazee mlangoni huku ndani mambo yakiwa yaleyale?

Daktari wa Wazee

Unayosema ni kweli, na hilo la jina mlangoni nimelishuhudia. Ukitaka kujua kama kitengo ni cha kweli, uliza kama wataalamu wote hukutana na mara ngapi, uliza nani anapitia dawa, kisha pita saa ya chakula uone wangapi wamekaa na wangapi wamelala. Hata mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliona faida zaidi pale mgonjwa alipohamishiwa wodi maalumu kuliko pale timu ilipozunguka wodi nyingine na kuacha ushauri wa maandishi, na sababu yake si ngumu kukisia: ushauri ulioachwa kwenye faili hautekelezwi na mtu ambaye hakufunzwa kuutekeleza.

Mahali pasipo na kitengo, sehemu kubwa ya kazi bado inawezekana. Daktari wa wodi yoyote anaweza kupima presha ya mgonjwa akiwa amelala dakika tano, kisha tena akiwa amesimama kwa dakika moja na kwa dakika tatu. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mpango wa dawa unapaswa kutazamwa upya. Ndugu wanaweza kupanga zamu ili mgonjwa aliyechanganyikiwa awe na sura anayoijua pembeni yake, hasa jioni. Wanaweza kumwambia daktari alivyokuwa wiki mbili kabla ya kulazwa, yaani alikuwa akipika, akioga, akitembea hadi wapi, maana daktari anayemwona amelala leo hudhani amekuwa akilala siku zote, na akidhani hivyo hatakuwa na lengo la kumnyanyua.

Binti wa Pili

Narudi baada ya siku sita. Kaka alikubali baada ya kusoma habari za yule daktari wa mwaka 1935, ingawa alisema anakubali kwa majaribio. Mama alihamishwa Jumanne.

Mfamasia wa huko alimwaga mfuko wote mezani, akapanga vidonge kimoja kimoja. Ilibainika kwamba dawa mbili zilikuwa dawa ileile kwa majina mawili ya viwanda, na mama alikuwa akimeza zote. Ile ya kuzuia mkojo imesimamishwa, amlodipini imebadilishwa na wanamfuatilia kwa karibu, na ya kukojosha wanaipunguza hatua kwa hatua. Presha ya juu ilikuwa 148 akiwa amelala na 112 akiwa amesimama. Hakuna aliyewahi kuipima akiwa amesimama. Mpira wa mkojo uliondolewa siku ya kwanza. Pia alikuwa hajapata choo siku saba, na sisi wote tulikuwa tumemwuliza kuhusu kila kitu isipokuwa hilo.

Daktari alimwuliza mama anataka nini hasa kutokana na matibabu haya. Mimi nilitarajia aseme anataka kupona. Alinyamaza kidogo, akasema anataka aweze kwenda chooni usiku mwenyewe bila kumwamsha mtu. Wameliandika hivyo hivyo kwenye mpango, na mtaalamu wa fiziotherapia anamfanyisha mazoezi ya kuinuka kutoka kitini na kutembea mita tatu kwa kiunzi cha kujishikiza, umbali ambao nilipoupima nyumbani kwa hatua ni karibu sawa na kutoka kitandani kwake hadi mlangoni.

Bado usiku huchanganyikiwa kidogo, na wametuonya kwamba inaweza kuchukua wiki kadhaa. Leo asubuhi walimwomba ataje miezi kurudi nyuma. Alifika Agosti akasita, na kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya haangalii, akamnong'oneza "Julai." Muuguzi amemwambia kesho asubiri nje.